Chumba, Nauli na Miguu: Historia ya Maisha Nafuu ya Mjini katika Kariakoo, Dar es Salaam

Gharama ya kuishi mjini haipimwi kwa kodi ya nyumba peke yake wala kwa bei ya unga peke yake, kwa sababu hupimwa pia kwa umbali uliopo baina ya mahali mtu anapolala na mahali anapotafuta riziki yake, na umbali huo hulipwa kila siku, ama kwa nauli, ama kwa muda, ama kwa nguvu za miguu. Wakazi wengi mno wa Dar es Salaam, tangu mji huo ulipoanza kukua hadi leo, hawajapata kumiliki gari, na kwa hiyo historia yao ya mjini ni historia ya kupanga chumba karibu na kazi na, chumba kilipozidi kusogea mbali, historia ya kugombea basi. Makala hii inaifuatilia historia hiyo kwa kuitazama hasa Kariakoo, kitongoji kilichokaa baina ya bandari, reli na masoko, na hoja yake ni kwamba unafuu wa maisha ya mjini uliopatikana hapo ulijengwa na wenye nyumba wadogo na wapangaji wao, chumba baada ya chumba, mara nyingi bila msaada wa serikali na mara nyingine kinyume cha matakwa yake, na kwamba unafuu huo ulianza kuvunjika pale chumba na kazi vilipotenganishwa.

Mji wenyewe ulianzishwa katika miaka ya 1860 na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kando ya kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima, lakini kifo chake mwaka 1870 kiliuacha na majengo machache yasiyokamilika. Wajerumani ndio walioufanya kuwa makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, wakihama kutoka Bagamoyo, na katika mwaka huo huo walitoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji katika kanda, yaani maeneo yaliyotofautishwa kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa. Kanda ya kwanza, upande wa mashariki penye upepo wa bahari, ilitakiwa kuwa na majengo ya mtindo wa Ulaya pekee, na kadiri mtu alivyokwenda magharibi ndivyo masharti yalivyolegezwa, mpaka kufikia eneo ambalo Waafrika waliweza kujenga kwa miti, udongo na makuti. Kanuni hizo zilitaja majengo, hazikutaja watu, lakini kwa kuwa Waafrika walikuwa wachache mno wenye uwezo wa kujenga kwa mawe, matokeo yake yalikuwa kuwagawa watu kwa rangi.

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Kijerumani ilinunua shamba la minazi lililokuwa magharibi ya mji, lililojulikana kwa jina la mmiliki wake, Schoeller, kwa nia ya kuwahamishia huko Waafrika wote waliokuwa wakiishi karibu na katikati ya mji. Mitaa ilipimwa kwa mistari iliyonyooka inayokatana, na jengo la soko likajengwa, lakini vita ilikatiza mpango huo, na Waingereza walipouteka mji mnamo Septemba 1916 walilifanya eneo hilo kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi waliolazimishwa kulibebea jeshi mizigo, kikosi ambacho jina lake la Kiingereza, likitamkwa kwa Kiswahili, ndilo lililobaki kuwa Kariakoo. Inafaa ikumbukwe kwamba mahali ambapo maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walipangwa mistari kwenda kubeba risasi na chakula cha jeshi, na wengi wao wasirudi, ndipo palipogeuka, katika muda usiozidi miaka kumi, kuwa makazi ya watu waliojilipia kila kitu kwa jasho lao wenyewe.

Utawala wa Kiingereza uliendeleza mgawanyo uleule kwa majina mapya, na watu wa mjini wakautamka kwa lugha iliyo wazi zaidi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Katikati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mpana wa Mnazi Mmoja, ambao nyumba zake ziliondolewa ili uwe mpaka, kwa kisingizio cha afya, baina ya makazi ya Waafrika na ya watu wengine. Ubaguzi huo ulikuwa dhuluma, na hakuna sababu ya kuupamba. Lakini mwanahistoria hana budi kueleza jinsi watu walivyotumia nafasi finyu waliyoachiwa. Kanda ya tatu, iliyojumuisha Kariakoo na baadaye Ilala, ndiyo pekee ambamo nyumba ya gharama ndogo ilikuwa halali. Mwafrika aliyekodi kiwanja kutoka serikalini aliweza kujenga kwa vifaa vilivyopatikana, kwa fundi aliyemjua, kwa kasi iliyolingana na mfuko wake, na kisha akapangisha vyumba bila kuulizwa. Katika Nairobi, ambako utawala uliwabana Waafrika kwa kipande, yaani hati ya utambulisho waliyolazimishwa kuibeba, na kwa kubomoa vijiji vyao, ruhusa ya namna hiyo ilitolewa katika sehemu ndogo tu, hasa Pumwani, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920, na hata huko nyumba zilizojengwa zilifuata ramani ileile ya pwani. Vitongoji viitwavyo Majengo katika miji mingi ya bara, na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, vina asili inayofanana na hiyo: wafanyabiashara, askari na wapagazi waliozungumza Kiswahili walikwenda na ramani ya nyumba yao.

Ramani hiyo inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimokuwa mfumo mzima wa uchumi. Nyumba ya Kiswahili, kama inavyoitwa mpaka leo, ina umbo la mstatili, na mlango wake wa mbele unafungukia kwenye ukumbi mrefu unaopita katikati mpaka uani, huku kila upande wa ukumbi ukiwa na vyumba vitatu vinavyotazamana na vile vya upande wa pili, hivi kwamba nyumba ya kawaida huwa na vyumba sita. Kuta zake zilisimamishwa kwa boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa hasa katika delta ya Rufiji na kuletwa kwa majahazi, zikafungwa fito kwa kamba, zikajazwa mawe na kukandikwa udongo, na mwenye uwezo akapiga lipu na kupaka chokaa. Paa lilikuwa la makuti, au la madebe ya mafuta ya taa yaliyofunuliwa na kunyooshwa, na kwa waliofanikiwa, la mabati. Mbele ya nyumba palikuwa na baraza, yaani kibaraza cha kukalia kilichoinuliwa kandokando ya ukuta, ambapo wanaume walizungumza jioni na wachuuzi walipanga bidhaa zao mchana, na nyuma palikuwa na uani, ua uliozungushiwa ukuta au makuti, wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba aliyetaka kuongeza kipato alijenga uani humo mabanda, yaani safu ya vyumba vidogo vya nyongeza, na kila banda lilipoongezeka ua ulipungua.

Thamani kubwa ya nyumba hiyo kwa mtu asiye na kitu ilikuwa uwezo wake wa kugawanyika. Familia moja iliweza kuitumia yote, lakini aghalabu kila chumba kilikuwa makazi kamili ya mpangaji mmoja, au mume na mke na watoto, au vijana watatu wa kabila moja waliochangia kodi, na gharama zote ambazo zingemshinda mtu mmoja, kama kiwanja, choo, ua, na baadaye bomba la maji na umeme, zikagawanywa kwa idadi ya vyumba. Aliyeingia mjini na sanduku lake hakuhitaji nyumba. Alihitaji chumba kimoja, mkeka au kitanda cha kamba, na ruhusa ya kupika uani. Haifai kuyaona maisha hayo kuwa mepesi. Vyumba vilikuwa na madirisha madogo, joto la Januari lilikuwa kali chini ya bati, zamu za choo na za kufagia ua zilizua ugomvi, na maradhi yaliyompata mmoja yaliwapata wengi. Lakini yote hayo yalivumiliwa kwa sababu chumba kile kilikuwa hatua chache kutoka mahali penye kazi.

Kwa upande wa mwenye nyumba, vyumba sita vilikuwa akiba na pensheni kwa mtu ambaye hakuna benki iliyomkopesha wala mwajiri aliyemwahidi kiinua mgongo. Nyumba ilijengwa kwa awamu: chumba cha kwanza kilipoezekwa mwenyewe alihamia, cha pili alikipangisha, na kodi ya cha pili ikanunua boriti za cha tatu. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo Wazaramo waliokuwa wenyeji wa eneo hilo, Wamanyema ambao wazee wao walikuwa wameletwa na njia za biashara za karne ya 19 kutoka mashariki ya Kongo, na watu wa asili nyingine nyingi waliostaafu uaskari, upishi au ukarani. Jambo lililowagusa watafiti wa wakati huo ni idadi ya wanawake. Wanawake waliojitegemea, wajane na walioachika, ambao ajira za kikoloni ziliwafungia mlango, waliuza vitumbua, maandazi, samaki wa kukaanga au pombe, wakakusanya senti mpaka ikapatikana nyumba, na nyumba ikawalisha uzeeni. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali aliyefanya uchunguzi wa hali ya maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam mnamo mwaka 1956, na ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1963, alieleza kwa kirefu nafasi ya nyumba hizi na ya wenye nyumba wanawake katika maisha ya mji. Mwenye nyumba kwa kawaida alikaa humohumo pamoja na wapangaji wake, akajua nani ameugua na nani amekosa kazi, na hivyo kodi, ingawa ilidaiwa, ilidaiwa na mtu aliyeonana na mdaiwa wake kila asubuhi kisimani au uani.

Ukaribu huo wa watu ulizaa pia namna ya pekee ya kununua. Mtu anayepokea ujira wa siku hawezi kununua gunia, na kwa hiyo biashara ya Kariakoo ilijigawa kama nyumba zake zilivyogawanywa: nyanya na vitunguu viliuzwa kwa mafungu, yaani virundo vidogo vya bei moja vilivyopangwa chini au juu ya meza, mafuta ya kula yalipimwa kwa kikombe, mkaa kwa kopo, na mafuta ya taa kwa chupa. Genge, kibanda cha mahitaji ya jikoni, lilikaa kila baada ya nyumba kadhaa, na maji yaliyokosekana bombani yaliletwa mlangoni kwa mikokoteni. Bei ya kipimo kidogo, ikihesabiwa kwa uzani, ilikuwa kubwa kuliko ya gunia, na wanunuzi walilijua hilo vizuri. Walilipa tofauti hiyo kwa sababu hawakuwa na fedha za kutangulia, wala mahali pa kuhifadhi, wala usafiri wa kubebea. Chakula kilichopikwa kiliuzwa na wanawake ambao katika miaka ya karibuni wameitwa mama lishe au mama ntilie, na kwa kijana anayelala chumba cha watu watatu sahani ya wali na maharage ya mama huyo ilikuwa nafuu kuliko kununua sufuria, mkaa na jiko. Mwezi ulipokaribia kuisha, mkopo wa dukani kwa mwenye duka wa Kihindi au Kiarabu, na duka la rehani ambapo nguo au cherehani iliwekwa dhamana, vilimvusha mtu mpaka siku ya mshahara, kwa gharama ambayo aliilipa mwezi uliofuata.

Usafiri, katika hesabu hiyo ya kwanza, karibu haukuwamo. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilikuwa na stesheni na karakana zake upande wa kusini wa Kariakoo, penye Gerezani. Bandari ilikuwa mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Maduka ya Uhindini yalikuwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Kuli wa bandarini, ambaye aliajiriwa kwa siku na alipaswa kuwapo alfajiri ili achaguliwe, hakuweza kukaa mbali hata kama angetaka. Kwa ajili hiyo kodi ya chumba cha Kariakoo ilikuwa pia malipo ya kupatikana kwa kazi, na mpangaji aliyehamia pembezoni kwa ajili ya kodi ndogo alipoteza zaidi ya alichookoa. Waliokuwa na umbali mrefu zaidi ni watumishi wa majumbani, wapishi na watunza bustani, hasa Wazungu walipoanza kujenga Oysterbay katika miaka ya 1930, na hao ndio waliothamini baiskeli kuliko kitu kingine chochote baada ya nguo nzuri. Baiskeli ilinunuliwa kwa mkopo, ikabeba mwenyewe, mke wake, mzigo wa mihogo na pengine kitanda, na fundi baiskeli chini ya mwembe akawa mtu wa lazima katika kila mtaa.

Vita Kuu ya Pili iliujaza mji kupita kiasi. Bei zilipanda, vyakula vikagawiwa kwa mgao, na vyumba vikawa haba kuliko wakati wowote uliotangulia. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939 na tena mwaka 1943, na mgomo wa mwaka 1947, ulioanzia bandarini, ulienea katika miji ya reli, na madai ya mishahara katika migomo hiyo hayawezi kutenganishwa na kodi na bei za vyakula za Kariakoo. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu katika mji wote watu 69,227. Ile ya mwaka 1957 ilihesabu 128,742. Serikali ilijibu kwa kupima vitongoji vipya, Ilala ikiwa imeshatangulia na Magomeni, Temeke na Kinondoni zikafuata, na kwa kujenga nyumba za watumishi zilizoitwa kota. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb, uliupanga mji kwa barabara pana na maeneo ya wazi ya kupitisha upepo baina ya sehemu zake, na hapo ndipo umbali ulipoanza kuandikwa ndani ya ramani. Mji uliotawanywa hivyo ulihitaji mabasi, na kampuni ya binafsi iliyofahamika kwa herufi zake, DMT, ikaanza kuyaendesha mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa mara ya kwanza nauli iliingia katika bajeti ya mfanyakazi wa kawaida, na wengi waliikwepa kwa kupanda basi asubuhi tu, ili wasichelewe, na kurudi kwa miguu jioni.

Uhuru ulileta nia njema na migongano. Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa mwaka 1962 lilibomoa nyumba za udongo na kujenga za matofali katika Magomeni na kwingineko, lakini sehemu kubwa ya nyumba hizo mpya ilichukua tu nafasi ya zile zilizobomolewa, kwa hiyo idadi ya vyumba haikuongezeka kwa kadiri ya gharama. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa msingi kwamba kodi ni kipato kinachotokana na jasho la mwingine. Katika ghorofa za katikati ya mji msingi huo ulikuwa na maana yake. Katika nyumba ya vyumba sita iliyojengwa na mwanamke kwa miaka kumi na mitano ya kuuza maandazi, ulikuwa mgumu kutetewa. Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa chama tawala cha TANU ambaye alikuwa na nyumba za kupangisha, aliupinga na akajiuzulu uongozi wake katika mwaka huohuo, na upinzani wake unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa ndani ya historia hii ya akina mama wenye nyumba kuliko ukichukuliwa kuwa uroho wa mtu mmoja. Sheria ya mwaka 1971, iliyotaifisha majengo ya kupangisha, iliyaacha yale ambayo thamani yake haikufika shilingi 100,000, na kwa kifungu hicho nyumba nyingi za Kiswahili zilibaki mikononi mwa wenyewe. Bila kukusudia, sheria hiyo ilikuwa imekiri mahali ambapo maskini wa mjini walikuwa wamewekeza.

Miaka hiyohiyo mji ulikua kwa kasi ambayo hakuna mpango mkuu ulioweza kuifuata. Watu zaidi ya 272,000 wa sensa ya mwaka 1967 walikuwa wameongezeka karibu mara tatu kufikia mwaka 1978, na wengi wao hawakupata chumba Kariakoo, wala Ilala, wala Magomeni. Manzese, kando ya Barabara ya Morogoro, ilijengwa na wakazi wenyewe bila viwanja kupimwa, kwa ramani ileile ya ukumbi na vyumba sita, sasa kwa matofali ya saruji yaliyofyatuliwa mbele ya nyumba. Jambo la busara lililofanywa na serikali ni kuacha kubomoa: kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese ilipelekewa barabara, mitaro na maji pale pale ilipo, huku viwanja vyenye huduma vikipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ingawa vingi kati ya hivi vya mwisho viliishia kwa wenye vipato vya kati.

Usafiri haukupata bahati hiyo. Kampuni ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 iligawanywa kuwa mashirika mawili, moja la safari za mikoani na jingine, Usafiri Dar es Salaam au UDA, la mabasi ya mjini. Nauli iliwekwa chini kwa agizo ili mnyonge aimudu, na hilo lilikuwa jambo la haki, lakini bei ya mafuta ilipopaa na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana, mabasi yaliharibika haraka kuliko yalivyotengenezwa. Mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, ambayo watu waliyaita kumbakumba, hayakutosha. Serikali ilifikia kukataza magari ya binafsi kutembea Jumapili mchana baada ya saa nane ili kuokoa mafuta, katazo ambalo kwa mkazi wa Manzese halikubadilisha lolote, kwani yeye siku zote saba alikuwa akitembea au akining'inia mlangoni. Pengo lilijazwa na magari ya binafsi yasiyo na kibali, mengine yakiwa ni malori madogo yenye mabenchi mawili yanayotazamana, yaliyoitwa chai maharage kwa kufanana kwake na mabenchi ya vibanda vya chakula.

Mwaka 1983 serikali ilikubali yaliyokuwa yametokea na kuwapa wenye magari ya binafsi vibali chini ya UDA. Nauli yao ya shilingi tano, sarafu ambayo wakati huo iliitwa dala, iliyapa mabasi hayo jina la daladala. Mwaka huohuo, kwa Sheria ya Nguvu Kazi, wachuuzi na watu wasio na ajira rasmi walikamatwa mitaani na kurudishwa mashambani. Hivyo serikali moja ilihalalisha gari la mwenye mtaji na kumfukuza mwenye fungu la nyanya, ilhali vyote viwili vilikuwa jibu kwa upungufu mmoja, na ni vigumu kuona kwa nini genge lilistahili kuchukuliwa kuwa uzururaji.

Daladala ziliongezeka sana katika miaka ya 1990, masharti yalipolegezwa zaidi, na zikawa, kuanzia vipanya, yaani mabasi madogo ya abiria kumi na wachache, mpaka mabasi makubwa zaidi, usafiri mkuu wa mji. Unafuu wake ulikuwa wa kweli, na ulilipiwa na watu wawili: dereva na konda. Mwenye gari hakuwapa mshahara wa kueleweka, bali aliwadai hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha kila siku, na kilichozidi hesabu na mafuta ndicho walichogawana. Kutokana na hesabu hiyo ndipo yalipotoka mambo yote ambayo abiria waliyalalamikia, kama kujaza watu kupita kiasi, kukimbizana, kukatisha njia kabla ya kituo cha mwisho, na kuwakataa wanafunzi wanaolipa nauli pungufu. Lawama kwa tabia ya konda, ambazo zimejaa katika magazeti ya miaka hiyo, zilimwacha kando mwenye gari aliyepokea hesabu yake jioni bila kuuliza imepatikanaje.

Wakati usafiri ukiwa katika hali hiyo, Kariakoo yenyewe iliacha kuwa mahali pa kulala. Soko jipya la zege lililobuniwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na kukivuta kitongoji kizima kuelekea biashara, na biashara huria ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 kiwanja cha nyumba ya vyumba sita kilipata thamani ambayo hakuna kodi ya chumba ingeweza kuifikia. Vyumba vya mbele viligeuzwa fremu, yaani vyumba vya maduka vyenye mlango wa barabarani; kisha nyumba nzima ikabomolewa, mwekezaji akajenga ghorofa, na warithi wa mwenye kiwanja wakapewa sehemu yao kwa fedha au kwa sakafu mojawapo. Familia nyingi zilinufaika kwa haki, baada ya mama au bibi yao kuteseka kwa ajili ya kiwanja hicho, na wengi walijenga nyumba kubwa zaidi pembezoni. Wapangaji hawakuwa na sehemu katika makubaliano hayo. Walihamia Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na kwingineko, kilomita kumi na zaidi kutoka mahali ambapo bado walifanya kazi, na huko walipata chumba cha kodi ndogo ambacho mara nyingi kilidaiwa kulipiwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Nauli ikawa kodi ya pili. Mwenye familia ambaye yeye, mke wake na watoto wawili wanapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi anaweza kugundua kwamba chumba chake cha bei rahisi kinamgharimu zaidi, kwa mwezi, kuliko ambavyo kile cha Kariakoo kingemgharimu, mbali na saa zinazopotea barabarani.

Hatua za miaka ya karibuni zimejaribu kupunguza umbali huo kwa mwendo, kwa kuwa makazi yenyewe hayakurudishwa karibu. Treni ya abiria ya mjini ilianza Oktoba 2012, na watu wakaiita kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Mabasi ya mwendokasi, yanayopita katika njia zao wenyewe katikati ya barabara, yalianza mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na matawi ya kwenda kituo cha Morocco na cha Gerezani kando ya Kariakoo, katika mtandao wa karibu kilomita 21. Msongamano vituoni ni mkubwa, na mafuriko ya bonde la Msimbazi yamekuwa yakiifunga njia inayolivuka bonde hilo huko Jangwani mara kwa mara, lakini safari iliyochukua saa mbili imeweza kufupishwa sana, na hilo kwa mfanyakazi ni kama nyongeza ya mshahara. Kutoka kituoni mpaka nyumbani, ambako barabara ni ya mchanga, bodaboda na bajaji hudai kwa kilomita moja karibu kiasi ambacho basi limedai kwa safari nzima.

Mfano mmoja wa karibuni unaonyesha kwamba njia nyingine iliwezekana. Nyumba za Magomeni Kota zilibomolewa baada ya kuchakaa, na wakazi wake walikaa miaka kadhaa wakisubiri mpaka yakajengwa maghorofa ya kaya 644, yaliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022. Waliokuwa wakazi walirudishwa palepale, kando ya Barabara ya Morogoro na njia ya mwendokasi, mahali ambapo mtu mwenye miguu mizima anaweza kuvuka Jangwani na kufika Kariakoo bila kulipa nauli. Waliweza kurudishwa kwa sababu walikuwa wapangaji wa umma, majina yao yakiwa yameorodheshwa na madai yao yakijulikana. Wapangaji wa vyumba wa Kariakoo, ambao aghalabu waliishi kwa makubaliano ya mdomo na mwenye nyumba, hawakuwa na orodha ya namna hiyo, na hakuna mkataba wa ujenzi wa ghorofa uliomlazimisha mwekezaji kuacha hata sakafu moja ya vyumba vya kupangisha kwa bei wanayoimudu.